Pampu ya kemikali ya sumaku: soma dalili kabla ya kushika spana

Pampu ya sumaku haina sili, wala haina shafti inayotoboa ukuta wake. Mota huzungusha sumaku ya nje, sumaku hiyo huvuta sumaku ya ndani iliyofunikwa kwa plastiki, na impela, yaani gurudumu la mapanga linalosukuma kemikali, huzunguka pamoja na hiyo ya ndani. Katikati ya sumaku hizo mbili kuna kikombe kilichoziba kabisa: kemikali upande mmoja, hewa upande wa pili. Ndiyo maana utaikuta kwenye asidi ya hidrokloriki, hipokloriti ya sodiamu, kostiki soda na kila kitu ambacho hutaki tone lake liguse sakafu.

Beringi zake za ndani hazipati grisi wala oili. Zinalainishwa na kupozwa na kemikali ileile inayopita. Kemikali ikikosekana, ikijaa hewa au ikibeba mchanga, pampu huumia ndani huku nje inaonekana nzima. Kwa sababu hiyo chanzo cha tatizo mara nyingi hakiko kwenye pampu. Kiko kwenye tenki, kwenye vali au kwenye bomba la kuvuta. Fundi anayekimbilia spana atafungua pampu nzima, ataifunga tena, na tatizo litamsubiri palepale. Tena atakuwa amejisogeza kwenye asidi bila sababu.

Ampea na presha

Kabla ya kugusa bolti yoyote, zungushia klampu mita waya wa mota na usome geji ya upande wa kusukuma. Geji inatakiwa ikae kati ya pampu na vali ya kuzuia kurudi. Ikifungwa baada ya vali hiyo, itakuonyesha uzito wa kimiminika kilichosimama bombani, nawe utadhani pampu inafanya kazi.

Presha juu na ampea chini: kimiminika hakipiti. Tafuta vali iliyofungwa, chujio lililoziba au bomba lililojaa chumvi. Presha chini na ampea chini: pampu haina kimiminika cha kutosha, au ina hewa, au sumaku zimeachana. Presha chini na ampea juu: pampu inamwaga kuliko kawaida yake, pengine bomba limepasuka mbele au mtu ameacha wazi vali ya kurudishia tenki, au impela inakwaruza ndani. Vyote viwili vikiwa juu, kimiminika ni kizito kuliko kile ambacho pampu ilichaguliwa nacho.

Hilo la mwisho huwachanganya watu wengi. Pampu hizi hupandisha kimiminika kwa mita zilezile, kiwe maji au asidi, lakini presha kwenye geji na nguvu inayodaiwa kwa mota hupanda kufuata uzito. Mita 10 za maji ni kama baa 1. Mita 10 za asidi ya salfuriki ya asilimia 98, ambayo lita yake ina kilo 1.84, ni baa 1.8. Kostiki ya asilimia 50 ina takriban kilo 1.5 kwa lita; asidi ya hidrokloriki ya asilimia 33 ina kilo 1.16. Pampu iliyojaribiwa kwa maji na kusifiwa inaweza kuangusha ovalodi, ile swichi inayokata umeme mota ikizidiwa, siku ya kwanza ikipewa asidi ya salfuriki, na si kosa lake. Muuzaji hakuulizwa, au mnunuzi hakusema.

Mota inazunguka, kemikali haitoki

Zima kwanza. Usiache pampu iendelee kuzunguka wakati mnajadiliana, kwa sababu kama ni kavu, kila dakika inapika beringi. Baada ya hapo nenda kwenye tenki, si kwenye pampu. Angalia kina kwa macho, usitegemee kipimo cha kioo pekee, maana bomba lake huziba na kuonyesha kina cha wiki iliyopita. Angalia vali ya kuvuta: mkono wa vali za plastiki unaweza kuzunguka huku kigololo cha ndani kimekatika kwenye kijiti chake na kimebaki kimefunga. Kama tenki liko chini ya pampu, angalia vali ya mguu, ile iliyo mwishoni mwa bomba la kuvuta ndani ya tenki, na hakikisha pampu imejazwa kabla ya kuwashwa. Kwa kemikali, mpangilio huo wa kuvuta kutoka chini ni wa kuepukwa palipo na njia nyingine; tenki likiwa juu ya pampu, nusu ya matatizo yaliyomo kwenye makala hii hayatokei.

Hewa inayoingia kupitia bomba la kuvuta haionekani kama uvujaji. Upande huo hunyonya, hautemi, hivyo kiungo kibovu kinaweza kubaki kikavu kabisa wakati pampu inazunguka. Pampu ikizimwa na tenki likiwa juu, kiungo hichohicho hulowana. Hapo umekipata.

Hipokloriti ina tabia yake. Huoza yenyewe polepole na kutoa gesi ya oksijeni, na joto huiharakisha. Kwenye vituo vya kutibu maji vya mwambao, pampu iliyolala usiku mzima ikiwa imejaa klorini ya maji hukutwa asubuhi na povu la gesi kwenye impela, mota ikawashwa na kisitoke kitu. Opareta huzima na kuwasha, huzima na kuwasha, hadi bahati imkubalie. Dawa ni bomba la kuvuta lipande moja kwa moja kuelekea tenki, bila tao la kunasa gesi katikati, na kuwe na bomba dogo la kutolea gesi kutoka upande wa kusukuma, kabla ya vali ya kuzuia kurudi, linalorudi juu ya tenki. Tenki liwe kivulini. Na kemikali isikae miezi.

Kituo kinapotumia klorini ya unga, yaani hipokloriti ya kalsiamu, kero hubadilika: chembe ambazo hazikuyeyuka husaga beringi za seramiki, na chokaa hujenga ukuta ndani ya mabomba. Acha mchanganyiko utulie kwenye tenki la kwanza, kisha vuta kutoka juu ya mashapo. Mtu akitaka kuondoa chokaa hiyo kwa asidi, azuiwe na yeyote mwenye akili mpaka bomba lote limesuuzwa kwa maji mengi. Asidi ikikutana na hipokloriti hutoa gesi ya klorini, na chumba cha pampu huwa kidogo, dirisha moja, mlango mmoja.

Sasa tuseme tenki limejaa, vali ziko wazi, hakuna hewa, na bado hakuna kinachotoka. Ampea ziko chini ya kawaida, na pampu inatoa muungurumo wa kutetema ambao haukuwepo jana. Hapo sumaku zimeachana: ya nje inazunguka na mota, ya ndani imesimama. Kuziacha zikae hivyo ni hatari, kwani sumaku ya ndani inapata joto na inaweza kupoteza nguvu yake moja kwa moja. Kwenye pampu zenye kikombe cha chuma joto hilo huja haraka zaidi, kwa sababu umeme huzalishwa ndani ya ukuta wa kikombe chenyewe. Na sumaku hazitashikana tena huku mota inazunguka, hata ukisubiri. Zima, subiri mota isimame kabisa, kisha washa mara moja. Zikishika na kudumu, jiulize nini kilitokea sekunde ile: vali kupigwa ghafla, kitu kupita kwenye impela, umeme kukatika na kurudi papo hapo. Zikiachana tena, usiendelee kujaribu.

Sababu za kuachana ni chache. Impela imekwama kwa taka au chumvi. Kimiminika kimekuwa kizito au kinene kuliko zamani. Sumaku zimechoka kwa joto. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu joto likizidi nyuzi 80 hivi, wakati za samariamu na kobalti huvumilia zaidi ya nyuzi 200. Na ipo sababu ambayo haiandikwi sana kwenye vitabu vya pampu lakini mafundi wa huku wataitambua: mota ya awali iliungua, dukani ikakosekana ya kilowati 2.2, ikafungwa ya kilowati 4 "ili iwe na nguvu zaidi". Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja huondoka kwa kishindo, na sumaku ambazo zilipimwa kwa mota ndogo hushindwa kuivuta impela. Nguvu iliyoongezwa haifiki popote. Rudisha mota ya saizi yake, au kama huna budi, tumia kidhibiti kinachoanza polepole.

Kostiki ya asilimia 50 huanza kuganda joto likishuka karibu na nyuzi 12. Dar es Salaam au Mombasa hutaliona hilo maishani. Mufindi, Njombe au Limuru, usiku wa Juni na Julai, utaliona: asubuhi impela imeshikwa na fuwele, mota inawashwa, sumaku zinaachana. Usigonge pampu na usichome bomba kwa moto. Mwagia maji ya uvuguvugu upande wa nje mpaka iyeyuke, kisha zungusha kwa mkono kupitia feni ya mota, umeme ukiwa umefungwa. Kama kazi inaruhusu, hifadhi kostiki ya asilimia 20; hiyo haigandi mpaka baridi ambayo Afrika Mashariki hatuna, labda kileleni Kilimanjaro.

Inatoa, lakini kidogo

Kama pampu imetoka tu kufanyiwa kazi ya umeme, shuku mzunguko. Fezi mbili zikibadilishana, mota huzunguka kinyume, na pampu ya aina hii hutoa kemikali hata ikizunguka kinyume, ila kwa presha duni. Watu hudanganywa na hilo, "si inatoa?" Linganisha feni ya mota na mshale uliopigwa kwenye pampu. Jaribio lifanyike pampu ikiwa imejaa, kwa kuwasha na kuzima papo hapo, au mota ikiwa imetenganishwa na pampu. Usijaribu mzunguko kwa pampu kavu hata kwa "sekunde moja tu", kwa sababu sekunde hiyo huwa haina saa ya kuipima.

Jambo la pili ni la pampu zilizoagizwa kutoka Marekani au kununuliwa zikiwa zimetumika. Umeme wa kule ni hezi 60, wetu ni 50. Mwendo hushuka hadi asilimia 83 ya ule ulioandikwa, na kwa kuwa urefu wa kupandisha hufuata mraba wa mwendo, unabaki na asilimia 69. Pampu iliyoandikwa mita 20 itakupa kama mita 14. Hakuna ukarabati wa kulimaliza hilo, kwa hiyo soma kibao cha mota kabla hujamlaumu mtu.

Kama pampu ilikuwa ikitoa vizuri na imepungua polepole kwa miezi, hapo ndipo panahusu pampu yenyewe: impela imelika mdomo, njia zake zina taka, au pete ya mbele imekwisha na kemikali inazunguka ndani badala ya kutoka. Imepungua ghafla? Rudi kwenye tenki na chujio.

Kelele

Sauti ya kokoto ndani ya pampu ni mapovu yanayozaliwa kwenye mdomo wa impela na kupasuka, kwa sababu kimiminika hakifiki kwa wingi unaotakiwa. Bomba la kuvuta ni jembamba, ni refu, lina viwiko vingi, chujio limeziba, au kemikali ni ya moto. Bomba hilo lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, na kabla ya mdomo kuwe na kipande kilichonyooka, angalau mara tano ya kipenyo chake. Ukibana kidogo vali ya kusukuma na kelele ikapungua, umethibitisha.

Kumbuka: kamwe usibane vali ya upande wa kuvuta ili kupunguza kiasi kinachotoka. Kiasi hudhibitiwa upande wa kusukuma. Na usiifunge kabisa ya kusukuma pampu ikizunguka kwa muda mrefu, maana kemikali inayozunguka mahali pamoja inachemka.

Mkwaruzo unaokuja na kuondoka kwa mzunguko wa mota una uzito wa pekee. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi ya mota na mpini sikioni. Beringi ya mota ikiwa imekufa, sumaku ya nje inayumba, na ikiyumba vya kutosha hugusa kikombe na kukikata kama tezo. Kati ya asidi na mota hapo pamebaki milimita chache za plastiki. Kwa pampu nyingine beringi ya mota inayolia ni ya kupangiwa wiki ijayo; kwa hii, zima leo.

Ovalodi inakata

Nimeshasema kuhusu uzito wa kimiminika. Mengine ni ya umeme: fezi moja imekosekana, umeme uko chini, kontakta imeliwa na mvuke wa asidi. Pima volti kwenye fezi zote tatu, mota ikiwa inazunguka. Asidi ya hidrokloriki hutoa mvuke unaokula shaba na chuma hata pasipo na tone lililovuja, kwa hiyo sanduku la swichi lisikae ndani ya chumba cha pampu. Kupandisha kipimo cha ovalodi ili isikate si utatuzi.

Inavuja

Uliza inavuja wapi. Kwenye flenji, mara nyingi bomba linaielemea pampu; plastiki haikubali kubeba bomba. Funga vishikio vya bomba, legeza flenji, uone kama inakaa sawa yenyewe. Kwenye muungano wa mbele, ni oringi au bolti zilizolegea. Hapa aina ya mpira ina maana: FKM hushindwa na kostiki kali, EPDM huliwa na asidi kali ya salfuriki. Oringi zote mbili mara nyingi ni nyeusi na zinafanana, na dukani utapewa yoyote.

Ikivuja nyuma, kwenye mabano yanayoshika mota, kikombe kimepasuka. Hilo ndilo la kuzima na kufunga vali zote bila mjadala.

Kuifungua

Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiingie kwenye kazi hii, hata kushika tochi. Sumaku hizi zinaweza kukivuruga. Saa, simu na kadi za benki viachwe nje.

Fungia swichi kuu kwa kufuli lako, ufunguo mfukoni mwako, tundika kibao, kisha jaribu kuwasha ili uhakikishe haiwaki. Kukiwa na kidhibiti cha mwendo, subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake, kwa kuwa umeme hubaki ndani baada ya kukatwa. Vaa miwani inayoziba pande zote na kinga ya uso juu yake, glavu ndefu zinazofaa kemikali hiyo, aproni, na mabuti ambayo suruali imeshuka nje yake, si kuchomekwa ndani. Hakikisha maji ya kunawia macho yanatoka sasa hivi. Ikitokea ajali jicho husuuzwa kwa dakika 15 bila kukatiza, na ndoo haitoshi.

Funga vali zote mbili, fungua tundu la kumwagia chini ya pampu, kisha la juu ili hewa iingie. Ndoo ya asidi isiwe ile iliyotumika kwa klorini. Kwa kemikali nyingi, suuza kwa maji mpaka maji yatoke safi. Kwa asidi kali ya salfuriki, kwanza imwagike yote hadi tone la mwisho, ndipo maji yaje kwa wingi na kwa mkupuo, kwa sababu maji kidogo juu ya asidi hiyo huchemka na kuruka. Hata baada ya kusuuza, chukulia kuna kemikali nyuma ya sumaku ya ndani, chini ya kikombe. Inakaa hapo siku zote.

Vali za kigololo kwenye laini ya hipokloriti ni mtego mwingine. Zikifungwa, kemikali hunaswa ndani ya kigololo, hutoa gesi, na presha hupanda mpaka vali ipasuke. Zipo zenye kigololo kilichotobolewa tundu dogo upande wa tenki. Hizo ndizo za kununua. Kama zako si hizo, simama pembeni unapozigusa.

Sasa spana. Kwa pampu nyingi za plastiki utaanza na bolti za mbele, ukizilegeza kwa kuruka msalaba, zote kidogo kidogo, uso ukiwa pembeni. Toa kifuniko cha mbele, kisha vuta impela pamoja na sumaku yake kwa kunyoosha. Itakataa mwanzoni, kisha itaachia ghafla. Kaa kwa namna ambayo hutaanguka nayo. Kikombe hufuata. Sumaku ya nje hubaki kwenye shafti ya mota, na huondolewa tu kama kuna sababu; kabla ya kulegeza skrubu zake, pima umbali wake kutoka kwenye flenji ya mota na uandike.

Kama inakubidi kutenganisha upande wa mota kutoka kwa pampu, tumia bolti za kusukumia kama pampu inazo, zikizungushwa kwa zamu. Usichokonoe kwa bisibisi. Vidole vikae nje ya ukingo wakati wote: sumaku zikirudiana hazisubiri, na mfupa wa kidole si kizuizi kwao. Meza iwe ya mbao, imepanguswa. Sumaku ya ndani ifungwe kwenye plastiki safi mara tu itokapo, maana unga wa chuma wa karakana utaishika na hautatoka wote. Usiigonge, usiipashe moto, na usiilaze karibu na ile ya nje.

Vipande vinasemaje

Hapa ndipo inafaa kukaa kwa muda, maana ukibadilisha beringi bila kujua nini kiliiua, mpya itaifuata.

Seramiki au silikoni kabaidi iliyopasuka nyufa nyingi nyembamba, na plastiki iliyolainika kuizunguka: ilizunguka kavu, ikapata moto, kisha kemikali baridi ikaingia. Mara nyingi huuawa na ile sekunde ya kurudisha kemikali kuliko ukavu wenyewe. Pampu iliyokuwa kavu iachwe ipoe kabisa kabla ya kujazwa. Mikwaruzo ya mduara yenye kina: mchanga au chembe za unga. Beringi ya kaboni iliyolika bila mikwaruzo kwenye hipokloriti: kemikali yenyewe inaila, weka seramiki au silikoni kabaidi. Kwa kostiki kali, omba silikoni kabaidi iliyochomwa bila silikoni huru ndani yake. Ile ya bei nafuu huliwa polepole.

Pete ya mbele ikilika ni jambo la kawaida kwa umri, kwa sababu impela husukumwa kuelekea mdomo wa kuvuta. Alama kwenye pete za mbele na nyuma pia zinaonyesha impela ilikuwa ikirukaruka, na hilo ni hewa au mapovu. Ganda la plastiki la sumaku likiwa limevimba, kemikali imeingia kwenye sumaku na kutu inalisukuma kutoka ndani. Hakuna kubandika; badilisha. Ganda likiwa limekwaruzwa nje, beringi ilipita kikomo chake zamani.

Tazama pia plastiki yenyewe kama ndiyo sahihi. Polipropilini hupasuka nyufa ikikaa na hipokloriti kali. PVDF, ambayo ni ghali na watu huiamini kwa kila kitu, haifai kostiki kali. Chuma cha pua cha 316 hakivumilii asidi ya hidrokloriki hata kidogo.

Kuirudisha

Oringi mpya kila mara, hata ile ya zamani ikionekana nzuri. Futa kikombe ndani na nje, pitisha kidole chenye glavu kutafuta chembe. Unaporudisha sumaku ya ndani, ishike kwa ukingo wa impela na uiache ivutwe polepole, ukiwa umetanguliza kipande cha mbao cha kuizuia isidondokee kikombe. Kaza bolti kwa msalaba kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji. Plastiki haikazwi kwa hasira. Zungusha feni ya mota kwa mkono, umeme bado umefungwa: inatakiwa iende laini, bila mkwaruzo.

Fungua vali ya kuvuta yote, toa hewa kwa juu mpaka kimiminika kitoke bila povu, acha ya kusukuma wazi kidogo. Washa, tazama geji ipande, kisha fungua polepole. Andika ampea na presha kwa wino usiofutika kwenye kibao karibu na geji, pamoja na kemikali na asilimia yake. Baada ya siku moja, zima, funga kufuli, na ukaze bolti za mbele upya, kwa sababu plastiki hulegea ikishabanwa na kupashwa joto.